Majina Yasipotee: Utunzaji wa Metadata na Majalada katika Maktaba za Nyumbani, Mbinga na Mwambao wa Nyasa

Katika nyumba nyingi za Mbinga mjini, za vijiji vya milima ya Umatengo vinavyolima kahawa, na za mwambao wa Ziwa Nyasa kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, imejengeka polepole maktaba ambayo wenyewe hawaiiti maktaba: diski ya nje au flashi kadhaa zenye nyimbo za kwaya zilizonakiliwa kutoka kwenye kaseti, video za harusi na za kipaimara, ngoma ya mganda iliyorekodiwa kwa simu, muziki wa dansi wa enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam, filamu za Kibongo, na picha za ndugu waliokwisha kufariki. Maktaba hiyo ikiwa ndogo, mwenyewe hukumbuka kila kilichomo. Ikifikia maelfu ya faili, kumbukumbu ya kichwa haitoshi tena, na hapo ndipo metadata inapohitajika. Metadata ni taarifa zinazoeleza faili bila kuwa sehemu ya sauti au video yenyewe, yaani jina la wimbo, mwimbaji, mtunzi, mwaka, mahali na lugha, pamoja na picha ya jalada ambayo programu huionyesha kwenye skrini ili mtazamaji aitambue albamu au filamu hata kabla ya kusoma maandishi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba, kwa maktaba za aina hii, sehemu kubwa ya metadata haiwezi kupakuliwa kutoka popote. Lazima iandikwe nyumbani, kwa msaada wa watu wanaoyajua majina, na iandikwe mahali ambapo haitapotea siku kompyuta au programu itakapobadilishwa.

Miongoni mwa programu zinazojulikana kwa kazi hii ni Jellyfin, Kodi na Plex. Jellyfin, ambayo ni programu huria isiyolipiwa iliyoanza mwaka 2018, huigeuza hata kompyuta ya zamani kuwa seva, yaani kompyuta inayohudumia runinga na simu za nyumbani kupitia ruta, na huendelea kufanya kazi ndani ya nyumba hata pale ambapo hakuna bando la intaneti. Kodi, iliyojulikana kwa jina la XBMC hadi mwaka 2014, kwa kawaida hukaa kwenye kifaa kilekile kilichounganishwa na runinga. Zote hutafuta metadata kwa namna inayofanana: husoma jina la folda na la faili (kwa muziki, pia maelezo yaliyomo ndani ya faili lenyewe), hulilinganisha na kumbukumbu za hifadhidata za mtandaoni, kama vile TMDb kwa filamu na MusicBrainz kwa muziki, kisha huleta maelezo na picha zinazodhaniwa kulingana na jina hilo. Utaratibu huu hufaa kwa filamu iliyokwisha kuingizwa huko, kwa mfano Maangamizi ya mwaka 2001 au Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ya mwaka 2021, hasa folda ikiandikwa jina kamili na mwaka ndani ya mabano. Haufai kabisa kwa video ya harusi iliyofungwa Kigonsera, kwa sababu programu ikikutana na folda iitwayo “Harusi” haitambui kwamba hiyo ni kumbukumbu ya familia, na inaweza kuibandika bango na maelezo ya filamu ya kigeni yenye jina linalokaribiana. Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla ya kusahihisha lebo hata moja, ni kutenganisha: filamu zilizotolewa kibiashara zikae katika kundi lao, muziki katika kundi lake, na kumbukumbu za familia na za kijiji katika kundi la tatu, ambalo Jellyfin hulitambua kuwa la video na picha za nyumbani, huku utafutaji wa mtandaoni ukiwa umezimwa kwa kundi hilo.

Jambo la pili, ambalo ndilo linaloamua kama kazi itadumu, ni mahali pa kuiandika metadata, kwa kuwa inaweza kukaa mahali patatu. Inaweza kukaa ndani ya faili lenyewe, katika sehemu iitwayo lebo. Inaweza kukaa kando ya faili, katika folda ileile, kama faili dogo la maandishi lenye kiishio cha nfo na picha zenye majina kama folder.jpg, cover.jpg au poster.jpg, au inaweza kukaa katika hifadhidata ya programu, iliyofichika ndani ya kompyuta inayoiendesha. Mahali hapo pa tatu ndipo panaporahisisha kazi kuliko kwingine kote, maana mtumiaji huandika moja kwa moja kwenye skrini na kuona matokeo papo hapo, lakini ndipo pa hatari zaidi. Umeme ukirudi kwa nguvu na kuunguza diski ya kompyuta, au mjukuu akiamua kuhamia programu nyingine, saa zote zilizotumika kuandika majina hupotea ingawa nyimbo zenyewe zimesalimika kwenye diski ya nje. Vilevile ndugu anayetoka Dar es Salaam akinakili folda ya kwaya kwenye flashi yake, hupata nyimbo bila majina. Mwenye maktaba anayetumia Jellyfin anapaswa kuingia katika mipangilio ya kila kundi na kuiagiza programu ihifadhi maelezo kama nfo na ihifadhi picha ndani ya folda za faili zenyewe. Anayetumia Kodi aitoe maktaba yake nje kama faili tofauti kila baada ya kazi kubwa. Na kwa muziki, katika programu yoyote ile, lebo ziandikwe ndani ya faili.

Lebo za faili za MP3 zina historia ambayo athari yake bado inaonekana katika flashi za leo. Mfumo wa kwanza, ID3, ulibuniwa mwaka 1996 kwa kuongeza baiti 128 mwishoni mwa faili, na jina la wimbo, la mwimbaji na la albamu yalitengewa herufi 30 kila moja. Nafasi hiyo ilitosha kwa majina mafupi, lakini “Kwaya ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri” hukatika baada ya herufi K, ikabaki kwaya ya Fransisko asiyejulikana ni wa Ksaveri au mwingine. Toleo la pili la mfumo huo, lililofuata mwaka 1998, liliondoa kikomo hicho na kuruhusu picha iwekwe ndani ya faili. Hata hivyo redio nyingi za gari na spika ndogo za flashi bado husoma toleo la kwanza au husoma la pili kwa shida. Busara ni kutumia toleo la 2.3, ambalo vifaa vya zamani hulielewa zaidi kuliko la 2.4, na kuandika mwanzoni mwa jina lile neno linalotofautisha, ili hata likikatwa litambulike.

Nyimbo nyingi zilizomo katika flashi za mitaani huwa zimeingizwa kwenye kibanda cha kurushia nyimbo, na huja zikiwa na uchafu wa aina moja: jina la wimbo limefuatwa na anwani ya tovuti, sehemu ya maoni imejaa tangazo, na picha ya jalada ni nembo ya tovuti iliyoweka wimbo huo, kiasi kwamba wasanii mia mbili huonekana wote wakiwa na sura moja. Programu kama Mp3tag na Kid3, ambazo hazilipiwi kwenye Windows, huweza kuondoa maneno yanayojirudia katika faili nyingi kwa mara moja. Kabla ya kuziagiza zifanye hivyo, folda nzima inakiliwe kwingine, kwa kuwa agizo lililokosewa herufi moja huharibu maelfu ya lebo ndani ya dakika moja na kwa kawaida hakuna njia ya kulirudisha baada ya programu kufungwa.

Ugumu wa kweli huanza kwenye majina ya wasanii. Bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz ilikuja kuitwa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na leo ni Msondo Ngoma. Mbaraka Mwinshehe alirekodi akiwa na Morogoro Jazz na baadaye akiwa na Super Volcano. Bendi ya Remmy Ongala iliandikwa mara Orchestra na mara Orchestre Super Matimila. Baadhi ya watunzaji huamua kuandika jina la sasa kila mahali ili nyimbo zikae pamoja, na uamuzi huo, pamoja na urahisi wake, unafuta historia, kwa sababu jina la bendi humwambia msikilizaji wimbo ni wa miaka ipi. Njia iliyo bora ni kuandika katika sehemu ya msanii jina lililotumika wakati wimbo unarekodiwa, kisha kuitumia sehemu nyingine ya lebo, ile ya jina la kupangia, kuziweka nyimbo zote za bendi moja karibu karibu. Jina la kupangia halionekani kwa msikilizaji. Kazi yake ni kuiambia programu faili likae wapi katika orodha. Sehemu nyingine inayopuuzwa ni ya msanii wa albamu, ambayo hutaja jina linalobeba albamu nzima. Ikiachwa wazi katika mkusanyiko wa nyimbo za bendi kumi, programu huweza kuukatakata mkusanyiko huo kuwa albamu kumi zenye wimbo mmoja mmoja. Hapo iandikwe “Wasanii Mbalimbali”, na iandikwe vivyo hivyo kila mahali, bila kubadilisha hata herufi kubwa.

Kwaya zinahitaji uangalifu wa pekee, na kwa nyumba za Mbinga na Nyasa, ambako Wakatoliki wa milimani na Waanglikana wa mwambao wamerithi karne nzima ya uimbaji wa kanisani, pengine ndizo zenye faili nyingi kuliko muziki mwingine wote. Tatizo la kwanza ni kwamba karibu kila jina huanza na “Kwaya ya Mtakatifu”, na kwa hiyo orodha nzima huangukia herufi K, huku neno Mtakatifu likiandikwa pengine kwa ukamilifu, pengine “Mt.”, pengine “Mtk.”, na programu ikiyahesabu hayo kuwa makundi matatu. Tatizo la pili ni kwamba watakatifu wasimamizi hujirudia: kwaya za Mtakatifu Kizito au Sesilia zipo katika parokia nyingi za nchi, na jina peke yake halimtambulishi yeyote. Mtunzaji achague namna moja ya kuandika, aongeze jina la parokia au mtaa baada ya jina la kwaya, na katika jina la kupangia atangulize parokia, ili Kigonsera ikae na Kigonsera na Liuli ikae na Liuli. Tatizo la tatu ni kuchanganya mtunzi na mwimbaji. Wimbo wa Bernard Mukasa au wa John Mgandu huimbwa na kwaya nyingi, na Misa Baba Yetu ya Padre Stephen Mbunga, ambaye mwaka 1963 alichapisha kitabu kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, inaweza kupatikana katika rekodi za waimbaji tofauti kabisa. Lebo ina sehemu ya mtunzi iliyo tofauti na ya msanii, na familia inayoijaza itaweza siku moja kuuliza programu yake ionyeshe nyimbo zote za mtunzi mmoja, jambo ambalo majina ya faili hayawezi kulifanya. Sehemu ya aina ya muziki nayo, ambayo kwa nyimbo za kigeni hujazwa maneno yasiyomfaa mwanakwaya, inaweza kubeba majira ya liturujia: Majilio, Noeli, Kwaresima, Pasaka, au maneno kama Ndoa na Mazishi, na hivyo kuwa ya manufaa kwa mwalimu wa kwaya anayetafuta wimbo wa Jumapili ijayo.

Mahali napo panahitaji kanuni. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, kwa hiyo kaseti ya mwaka 1995 iliyoandikwa “Mbamba Bay, Mbinga” haina kosa. Iliandikwa sawasawa kwa wakati wake. Liuli katika ramani za Wajerumani iliitwa Sphinxhafen, Mbamba Bay huandikwa pengine kwa neno moja na pengine kwa mawili, na ziwa lenyewe katika hifadhidata nyingi za kigeni linaitwa Ziwa Malawi. Mtunzaji aandike kijiji kwanza, kisha wilaya ya sasa, na maneno yaliyoandikwa awali kwenye kasha ayanakili yalivyo katika sehemu ya maoni, hata kama yana makosa ya tahajia, kwa sababu makosa hayo nayo huonyesha ni nani aliyeandika na lini.

Hakuna eneo ambalo ukosefu wa maelezo ya nyumbani unaumiza kama ngoma. Mganda, unaochezwa na wanaume kwa mistari iliyonyooka, kwa ngoma na vyombo vya kupuliza vya vibuyu, na kioda, unaochezwa na wanawake, ni ngoma za mwambao wa Nyasa zinazojulikana pande zote za ziwa. Upande wa Malawi mganda una ndugu yake aitwaye malipenga. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni, aliihusisha mitindo hii na gwaride za kijeshi za enzi za ukoloni, na watafiti wameendelea kuvutiwa nayo. Hata hivyo rekodi nyingi zilizomo katika simu za watu wa Mbamba Bay zina jina moja tu, yaani tarakimu ambazo simu yenyewe ilizitunga. Mfano mzuri wa kufuatwa ni ule wa Hugh Tracey, ambaye mwaka 1950 alirekodi muziki katika sehemu mbalimbali za Tanganyika na Nyasaland, akaanzisha mwaka 1954 Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika huko Afrika Kusini, na kutoa mfululizo wa santuri 210 ambazo kila wimbo wake uliambatana na maelezo ya waimbaji, lugha, mahali, tarehe na vyombo vilivyotumika. Inaweza kujadiliwa kama wageni walielewa yote waliyoyaandika, lakini nyimbo zile leo zinatumika kwa sababu maelezo yaliandikwa siku ileile ya kurekodi.

Kwa video ya mganda, basi, mtunzaji aandike jina la kikundi, kijiji kilikotoka na kijiji kilikocheza, kiongozi wake, wapiga ngoma, sababu ya mkusanyiko, lugha ya nyimbo, na aliyeshika kamera. Lugha ina misimbo ya kimataifa ya herufi tatu ambayo programu hutumia badala ya majina, kwa mfano mgv kwa Kimatengo na mpa kwa Kimpoto. Kifaa kisipoitambua misimbo hiyo, jina la lugha liandikwe kwa ukamilifu katika maelezo. Pamoja na hayo yote liandikwe jina la mtu aliyetoa taarifa na tarehe aliyoitoa, kwa kuwa wazee wawili wakitofautiana juu ya jina la mpiga ngoma, mjukuu atakayesoma baada ya miaka thelathini anapaswa kuzijua kauli zote mbili na wenyewe. Ikiwezekana, mazungumzo na mzee huyo yarekodiwe kwa simu na kuwekwa katika folda ileile. Sauti yake akitaja majina ni metadata iliyo bora kuliko maandishi yoyote. Wanaoonekana katika video za misiba, na wazazi wa watoto, waulizwe kabla ya rekodi hizo kutoka nje ya nyumba.

Tarehe ziandikwe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku, kama 1990-09-03, kwa sababu mpangilio huo ndio unaoifanya kompyuta izipange faili kwa wakati bila msaada. Mwaka usipojulikana, usibuniwe. Sehemu ya mwaka iachwe wazi na makadirio yaandikwe katika maoni pamoja na sababu yake. Sababu hizo mara nyingi zipo ndani ya rekodi yenyewe kwa anayesikiliza kwa makini. Wimbo wa kumlilia Edward Sokoine hauwezi kuwa umetungwa kabla ya Aprili 1984, wa kumkaribisha Papa Yohane Paulo II unaelekea kwenye ziara yake ya Septemba 1990, iliyofika hadi Songea, na wa kumwombolezea Mwalimu Nyerere ni wa baada ya tarehe 14 Oktoba 1999. Kwa picha na video za kidijiti, tarehe huwa imeandikwa ndani ya faili na kamera, lakini kamera iliyowahi kuishiwa betri kabisa huanza kuhesabu upya kutoka tarehe ya kiwandani, na harusi ya mwaka 2011 ikaonekana ya mwaka 2000. Tarehe za aina hiyo zisahihishwe kabla programu haijazipanga.

Yakishaandikwa hayo, majalada huwa kazi ya furaha zaidi, ingawa nayo ina masharti. Jalada la haki la kaseti ni kaseti yenyewe. Karatasi ya ndani ya kasha, iliyoandikwa kwa kalamu ya wino na pengine na mkono wa katibu wa kwaya, ipigwe picha au iskaniwe pande zote mbili kwa mwanga wa mchana usio wa jua kali, pamoja na maandishi ya upande A na upande B wa kaseti, kisha picha ya mbele ikatwe kuwa mraba na kuitwa cover.jpg, na nyingine zihifadhiwe zilivyo katika folda hiyohiyo. Ukubwa wa pikseli 1000 kwa 1000 unatosha kwa albamu. Bango la filamu lina umbo la wima la uwiano wa mbili kwa tatu, kwa mfano pikseli 1000 kwa 1500, na picha ya usuli inayojaza skrini ya runinga ni pikseli 1920 kwa 1080. Picha inayowekwa ndani ya faili la wimbo iwe ndogo, chini ya kilobaiti 500, kwa kuwa hurudiwa katika kila wimbo: picha ya megabaiti 5 katika albamu ya nyimbo 12 hula megabaiti 60 za flashi bila kuongeza chochote, na redio nyingine hukataa kabisa kucheza faili lenye picha nzito. Ndugu anayetuma picha ya jalada kwa WhatsApp aombwe aitume kama dokumenti, kwani ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora na kupoteza tarehe iliyokuwa ndani yake.

Harusi na ngoma hazina majalada, na kwa hizo hufaa kuchukua fremu, yaani picha moja iliyotulia, kutoka katika video yenyewe, kwa kuwa programu zikiachwa zichague zenyewe zinaweza kuchukua fremu ya giza la mwanzoni au mgongo wa mpiga picha. Fremu ichaguliwe penye nyuso zinazotambulika na pahali panapoonekana. Kilicho kibaya ni kuchukua kutoka mtandaoni picha ya kikundi kingine cha mganda, au kuiagiza programu ya akili bandia ichore wachezaji, kisha kuibandika juu ya rekodi ya kikundi halisi cha Liuli. Mtoto wa nyumba hiyo atakua akiamini kwamba hao ndio babu zake. Jalada tupu lenye jina la kikundi na mwaka kwa maandishi meupe ni bora mara nyingi kuliko picha nzuri isiyo ya kweli.

Kuhusu filamu hakuna mengi ya kusema. Filamu za Kibongo zilizouzwa kwa sehemu ya kwanza na ya pili zipewe jina moja na kiishio cha -part1 na -part2 ikiwa ni hadithi moja, na Jellyfin itaziunganisha; filamu za nje zilizotafsiriwa kwa Kiswahili na watu kama Lufufu ziwekwe katika folda ya filamu ya asili, zikiongezwa baada ya jina kistari na maneno “Tafsiri ya Kiswahili”, ili toleo la asili na la tafsiri yaonekane kama matoleo mawili ya kazi moja. Maelezo ya filamu yakishapatikana na kusahihishwa, yafungwe kwa kitufe cha kuzuia mabadiliko, vinginevyo programu itakapojisasisha inaweza kuyaandika upya. Faili la video linalozidi gigabaiti 4 halikubaliki kwenye flashi yenye mfumo wa FAT32, kwa hiyo flashi ya harusi ifomatiwe kwa exFAT, ikiwa tupu.

Majina ya faili yasiwe na nukta mbili, alama ya kuuliza, nyota wala alama za kufungulia usemi, kwa kuwa mifumo ya flashi huzikataa. Ritifaa ya ng' huleta shida nyingine isiyoonekana kwa macho: kuna iliyonyooka na kuna iliyopinda, kompyuta huziona kama herufi mbili tofauti, na anayetafuta “ng'ombe” kwa moja hatapata wimbo ulioandikwa kwa nyingine. Ichaguliwe ile iliyonyooka, inayopatikana kwenye kibodi zote, na itumike bila kubadilishwa.

Kwa kuwa faili za nfo na picha za majalada ni ndogo, nakala ya akiba ya metadata ya maktaba nzima inaweza kuingia katika memori kadi ya kawaida hata kama video zenyewe zinajaza diski mbili. Nakala hiyo ikae nyumba nyingine, kwa ndugu wa Songea au wa Mbamba Bay, maana unyevu wa ziwa na ukungu wa milimani havichagui, na mwizi abebaye kompyuta hubeba na diski iliyo kando yake. Kaseti za asili zisitupwe baada ya kunakiliwa. Zihifadhiwe zikiwa zimesimama, pakavu, mbali na spika zenye sumaku, na namba ya kaseti iliyoandikwa kwenye kasha iandikwe pia katika maoni ya faili, ili anayetilia shaka maandishi aweze kurudi kwenye chanzo.

Kwaya iliyowahi kutoa kaseti au sidii kwa kuuza ina nafasi nyingine pia. MusicBrainz hujengwa na watumiaji wenyewe, na yeyote mwenye akaunti anaweza kuingiza albamu iliyotolewa hadharani, majina ya nyimbo, watunzi na waimbaji wake. Picha ya jalada nayo huhifadhiwa katika hazina ya majalada iliyoanzishwa mwaka 2012 kwa ushirikiano na Internet Archive. TMDb huendeshwa kwa njia hiyohiyo kwa filamu. Kuingiza maelezo hakuhusiani na kuusambaza wimbo, ambao haki zake zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na zinabaki kwa watunzi na wasanii. Albamu ya kwaya ya Nyasa ikiingizwa mara moja na mtu aliyeshika kasha mkononi, kila aliye nayo, awe Mbeya au Muscat, ataweza kuletewa majina sahihi na programu yake badala ya kuyaandika upya.

Mwenye maktaba aliyesoma hadi hapa asianze na filamu, ambazo wengine wataziandika, wala na muziki wa dansi, ambao mashabiki wake ni wengi. Achukue kaseti au video ambayo ndani ya familia yake amebaki mtu mmoja tu anayeyajua majina ya walioimba, aende kwake wiki hii akiwa na simu yenye chaji na daftari, na ayaandike.